Una buku tano tu ya kuchangia: Wikipedia, Internet Archive, LibreOffice, Signal, au uiache mfukoni?

Nina steshenari Morogoro, jirani na chuo, fotokopi moja, printa mbili na kompyuta tatu ambazo zimeshazeeka kidogo. Mwezi mzuri wanafunzi wakiwepo, ukishatoa kodi ya fremu, luku, rimu na wino, inabaki kama laki tatu na nusu, na mwezi wa likizo hata laki moja inakuwa ya kuisaka. Na hiyo hiyo ndo ya nyumbani, ada, kikoba, michango ya misiba na harusi ambayo haiishi.

Sasa ishu iko hivi. Kazi yangu karibu yote inaendeshwa na vitu ambavyo sijawahi kulipia hata shilingi. Natipisha kwa LibreOffice, video za wateja nafungua kwa VLC, mwanafunzi akikwama na asaimenti tunaingia Wikipedia, kitabu cha zamani kikitafutwa naingia Internet Archive. Wote hawa ni mashirika yasiyo ya faida na wote wanaomba mchango, LibreOffice ukishadaunlodi tu ukurasa wa kuchangia unakufungukia wenyewe, Wikipedia kiungo kipo pale juu muda wote, Internet Archive bango lao usipolifunga linakukalia nusu ya skrini. Kwa miaka nilikuwa nafunga tu, ila mwaka juzi nikaanza kujisikia vibaya nikamwambia mke wangu nataka kuwachangia. Akaacha alichokuwa anafanya akaniuliza, "Baba watoto, hao unaotaka kuwatumia hela, wanatujua?"

Swali lake lilinifanya nikae chini nianze kusoma hesabu zao mmoja mmoja, manake nikitoa nataka niweze kumweleza nimetoa wapi na kwa nini. Nimelinganisha kwa macho ya mtu mwenye kipato kama changu, mwenye mshahara wa milioni mbili mambo yake ni mengine.

Kabla ya kulinganisha lolote niseme hili. Kama kodi ya nyumba unadaiwa, kama mtoto karudishwa ada, kama una mkopo wa kausha damu unakutafuna, usimpe mtu yeyote wa mtandaoni hata mia. Hakuna hata mmoja kati ya hawa atakayezima huduma yake kwa sababu wewe hukutoa, na hiyo ndo maana ya kitu kuwa bure, utumie kwa amani kabisa bila kujiona mwizi. Na mchango wa msiba wa jirani haupunguzwi ili uende California huko Marekani, hapo nyumbani tulikubaliana bila hata kubishana. Ninayoizungumzia hapa ni ile hela ndogo inayobaki kweli, ambayo ingeenda kwenye soda na vocha za kubahatisha.

Kwangu ilitoka buku tano kwa mwezi, elfu 60 kwa mwaka, ukihesabu dola kwa 2,500 ni dola 24. Na hapa kuna jambo moja la hesabu ambalo wengi wanalipita. Kwenye malipo ya kadi mtandaoni mara nyingi makato yanakuwa karibu asilimia 3 na juu yake senti kama 30 za kudumu, hizo za kudumu hazijali umetoa kubwa au ndogo. Ukitoa dola 1, senti 33 zimeliwa njiani, theluthi nzima. Ukifanya hivyo kila mwezi kwa mwaka, kwenye dola 12 zako karibu dola 4 hazijafika. Ukitoa zile 12 kwa mpigo mmoja zinazoliwa ni kama senti 66 tu. Kwa hiyo mtu wa kipato kidogo asichague mchango wa kila mwezi hata kama wao wanaupenda, kusanya kwenye kibubu utoe mara moja kwa mwaka. Faida nyingine ni kwamba mwezi ukiwa mbaya kibubu kinakusubiri, kadi haikusubiri, inakata tu.

Haya tuje kwa wenyewe.

Wikipedia na Internet Archive ndo nimewasoma zaidi kwa sababu watu wengi wanadhani ni walewale, kumbe hali zao ziko tofauti sana. Wikipedia ilianza Januari 2001, inaendeshwa na Wikimedia Foundation iliyoundwa 2003. Mwaka wao wa hesabu ulioishia Juni 2023 waliingiza kama dola milioni 180, mishahara ikala zaidi ya milioni 100, na gharama ya kuweka seva hewani ni kama milioni 3 tu. Pembeni wana mfuko wa akiba ya kudumu uliovuka dola milioni 100 mwaka 2021, miaka mitano kabla ya muda waliojipangia. Sisemi wanakula hela, hapana, saiti kubwa vile inahitaji mainjinia, wanasheria, watu wa ulinzi, na sehemu ya hela inarudi huku kama ruzuku kwa vikundi vya wahariri, hata mkutano wao mkuu wa dunia wa 2025 ulifanyika Nairobi. Ninachosema ni kwamba dola zangu 24 pale hazionekani, na nisipotoa hakuna taa itakayozimika.

Ila kuna kitu ambacho Wikipedia haina na hela haiwezi kukinunua kirahisi, nacho ni watu wa kuandika kwa Kiswahili. Wahariri hawalipwi. Nenda leo kaangalie makala za kata zetu, nyingi ni sentensi chache tu, na nyingine nilizikuta bado na idadi ya watu ya sensa ya 2012, wakati sensa ya 2022 ilishafanyika na matokeo yapo wazi. Jioni moja mvua imekatisha wateja nikafungua makala ya kata ninayokaa, nikaweka takwimu mpya na chanzo chake, nikaongeza jina la mto na shule mbili zilizokosekana. Dakika 20, bando la jero. Wiki iliyofuata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kaja kuprinti kazi yake ya utafiti nikaona ile namba niliyoiweka mimi imekaa kwenye ukurasa wa tatu! Nilifurahi sana kwa kweli. Kwa hiyo Wikipedia nawapa muda na hela napeleka kwingine. Kama wewe muda huna, kazi yako ni ya kutoka alfajiri na kurudi usiku lakini una vielfu vyako, basi wape hela, utakuwa hujakosea.

Internet Archive ni habari nyingine. Ni maktaba iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1996 na Brewster Kahle, wamekaa kwenye jengo lililokuwa kanisa, na ile mashine yao ya kuangalia saiti zilizokufa, Wayback Machine, Oktoba 2025 ilifikisha kurasa trilioni 1. Hawana akiba ya kujivunia kama wenzao, na miaka ya karibuni wamepigwa kila upande. Wachapishaji wanne wakubwa waliwashtaki mwaka 2020, wakashindwa kesi 2023 na rufaa wakashindwa 2024, vitabu zaidi ya laki tano vikatolewa kwenye kuazimisha. Oktoba 2024 wakavamiwa na wadukuzi, taarifa za akaunti milioni 31 zikaibwa na saiti ikawa chini kwa siku kadhaa. Ile wiki mimi niliihisi kabisa hapa dukani.

Nikueleze kwa nini, kwa mfano wa siku nyingine ambayo saiti ilikuwa hewani. Kuna kaka mmoja alikuja, alimaliza diploma 2015, anataka kujiunga na chuo kingine na wamemwambia alete muhtasari wa masomo aliyosoma ili wampunguzie baadhi. Chuo chake cha zamani kilishabadilisha saiti, ukiandika anwani ya zamani inakuja kurasa haipo, na ofisini kwao alishaenda mara mbili anaambiwa njoo kesho. Nikachukua ile anwani ya zamani kama ilivyoandikwa kwenye karatasi yake iliyokunjika kunjika, nikaibandika Wayback Machine, kalenda ikatokea ina vidoti vya bluu, nikabonyeza kidoti cha Machi 2014. Ikachukua muda, mtandao ulikuwa wa kusuasua, yule kaka kasimama nyuma yangu kashika kiti. Ikafunguka. Nembo ya zamani ya chuo, menyu ya zamani, na faili la kozi yake likiwa zima. Kurasa 14. Nilimprintia nikamchaji mia mbili mbili, jumla 2,800, akatoa elfu tatu akaniambia chenji baki nayo.

Usiku nikawa nahesabu mauzo nikaiona ile elfu tatu. Mimi nimelipwa, waliolitunza lile faili miaka yote kwenye diski zao hawajapata kitu. Hapo ndo nilipata jibu la mke wangu, nikamwambia hawatujui, ila ugali wa jioni wa siku ile wao ndo walichangia. Akanyamaza kidogo akasema basi wape, ila usizidishe.

Ukiwaweka hawa wawili pamoja basi, kwa mtu mwenye kidogo, Wikipedia apewe kazi ya mikono na Internet Archive apewe hela. Na Internet Archive ukikosa hela pia kuna la kufanya, wana sehemu ya kuhifadhi ukurasa papo hapo, ukiona tangazo muhimu la halmashauri au gazeti, bandika anwani yake pale ihifadhiwe kabla haijapotea.

LibreOffice na VLC nao wanalinganishika vizuri kwa sababu wote ni programu unazoweka kwenye kompyuta, na wote unaweza kukaa nazo miaka kumi usijue kuna mtu nyuma yake.

LibreOffice inashikiliwa na The Document Foundation ya Berlin, Ujerumani, programu yenyewe ilijitenga na OpenOffice, programu ya bure iliyoitangulia, mwaka 2010. Wanaoishi kwa kumbukumbu watakumbuka kwamba hata sisi tulikuwa na mkono humo, Jambo OpenOffice ya Kiswahili ya 2004 ilitoka kwa watu waliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi uliitwa Kilinux. Taasisi hii inaishi kwa michango ya watu wa kawaida hasa, sio kampuni moja kubwa inayowalisha, na bajeti yake ukiiweka pembeni ya Wikimedia ni kama genge na supamaketi. Pale dola 10 ina uzito.

Na kwangu kuna deni la wazi. Nilipofungua duka niliwekewa Office ya kukraki, elfu kumi kwa mashine, ikaja na virusi vikaingia kwenye flashi za wateja, folda zote zikageuka shotikati. Dada mmoja alipoteza ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo siku mbili kabla ya kukabidhi, akalia palepale kaunta, na mimi ndo niliyeichomeka ile flashi. Sikulala. Kesho yake nikafuta kila kitu nikaweka LibreOffice, ni miaka kadhaa sasa. Ina tabu zake, faili la Word lenye majedwali mengi linaweza kuvurugika kidogo ikabidi upange upya, ila hakuna aliyelia tena dukani kwangu kwa sababu ya programu ya wizi.

VLC ni ya shirika la VideoLAN la Ufaransa, mradi ulianza kwa wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, na mwanzoni mwa 2025 walitangaza imeshadaunlodiwa zaidi ya mara bilioni 6. Walishakataa hela nyingi sana za matangazo ili isichafuliwe, nawaheshimu mno kwa hilo. Kati ya hizi mbili hela yangu inaenda LibreOffice kwa sababu ndo inayonilisha, VLC kwangu ni ya kuangalizia tu. Kama wewe unafanya kazi za harusi na video, geuza jibu.

Signal sasa, programu ya kutumiana meseji. Wengi huku tuko WhatsApp, mimi Signal ninayo lakini wanaoniandikia ni watano. Shirika lake liliundwa 2018, na Brian Acton aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa WhatsApp ndo aliyeweka dola milioni 50 za kuanzia. Mwishoni mwa 2023 wao wenyewe walitoa hesabu zao hadharani wakasema ifikapo 2025 watahitaji kama milioni 50 kwa mwaka, na kitu kilichonishangaza ni kwamba zile SMS za namba ya uthibitisho unazotumiwa ukijisajili zilikuwa zinakula kama milioni 6 kwa mwaka, makampuni ya simu yanawachaji. Hawana matangazo, hawauzi taarifa zako, kwa hiyo mchango kwao una maana kweli. Kama ni mwandishi wa habari, wakili, mtu anayesaidia waathirika wa ukatili, mtu ambaye mazungumzo yake yakivuja kuna anayeumia, Signal iwe ya kwanza kwako kabla hata ya Internet Archive. Kwangu mimi wa fotokopi inasubiri.

Mozilla hapa watu wanachanganya, nitasema kwa kifupi. Ukichangia Mozilla Foundation ukidhani unaisaidia Firefox, ile programu ya kuingilia mtandaoni, hela hiyo haiendi kutengeneza Firefox. Firefox inatengenezwa na Mozilla Corporation, na hela yake kubwa inatoka kwenye mkataba na Google, ili Google ndo itumike kutafutia vitu ndani ya Firefox. Mchango wako unaenda kwenye kampeni na miradi mingine ya shirika, ambayo ni mizuri, ila ujue. Kilicho chao ambacho kinatuhusu moja kwa moja ni Common Voice, wanakusanya sauti za watu wanaosoma sentensi ili kompyuta zielewe lugha, Kiswahili kimo, na pale unachotoa ni sauti yako, sentensi tano tano, wala huhitaji kadi. Binti yangu mkubwa anapenda kusoma zile sentensi kuliko mimi. Lafudhi za watu wa kwetu zikikosekana humo, simu za kesho zitakuwa zinamwelewa mtu wa mjini peke yake.

Ramani nazo ni hivyohivyo, OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, hela sio kitu wanachokihitaji sana kutoka kwangu. Mradi wake wa Ramani Huria ulipoanza Dar es Salaam 2015, wanafunzi wa vyuo na watu wa mitaani ndo walioingia kwenye maeneo yanayofurika wakachora mifereji na nyumba, kazi ya miguu. Hata uanachama wa taasisi ya OpenStreetMap wa paundi 15 kwa mwaka unasamehewa ukiwa umechora siku 42 ndani ya mwaka. Mtu mwenye bando na jioni zake anaweza.

Kuna atakayesema mbona wote uliowataja ni wa nje, wa kwetu je? Swali la haki. Ubongo wa Dar es Salaam, wenye Akili and Me na Ubongo Kids, ni shirika lisilo la faida tangu 2013, mwanangu mdogo amejua kuhesabu kwa Akili kabla sijampeleka chekechea. Niliwafikiria sana. Nikaona wanabebwa zaidi na wafadhili wakubwa na katuni zao zinanifikia bure kwenye TV, nikawaweka upande wa Wikipedia, yaani wa kusaidiwa kwa njia nyingine, nimezikopi zile video kwenye flashi nikampa mwalimu wa chekechea ya mtaani ambaye bando hana. Ila mtu akiniambia elfu 60 yake yote anaipeleka kwa shirika la Tanzania linalofundisha watoto sitambishia. Aangalie tu kama limesajiliwa kwa Msajili wa NGOs, na asichangie kwa namba ya simu ya mtu binafsi iliyopostiwa kwenye grupu, hapo wengi wameliwa. Hawa wa Marekani hesabu zao ni za wazi kisheria, unaweza kuzisoma bure mtandaoni fomu kwa fomu, mishahara ya wakubwa wao imo, na LibreOffice wanaweka ripoti yao ya mwaka.

Kutuma kwenyewe, mimi natumia kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, naiwekea kiasi kilekile ninachotaka kitoke na cha makato, basi. Anwani naiandika mwenyewe kwa mkono, archive.org, sibonyezi kiungo nilichotumiwa. Na uangalie vizuri kile kiboksi cha kila mwezi, kurasa nyingine kinakuja kimeshatikiwa, usipokiondoa mwezi unaofuata unakatwa tena ukiwa huna habari.

Mara ya mwisho kibubu kilitoa elfu 52, sio 60, kwa sababu Agosti na Septemba niliweka jumla ya elfu mbili tu, vyuo vilikuwa vimefungwa na mama alilazwa. Dola 12 nikapeleka Internet Archive, dola 8 LibreOffice, Wikipedia nikawapa jioni nane, elfu mbili iliyobaki binti yangu akaomba bando la kusomea zile sentensi. Barua pepe ya shukrani ya Internet Archive ilifika baada ya dakika moja, nikaiprinti nikampelekea mama watoto, akaisoma, akaikunja akaiweka kwenye lile bahasha la risiti za luku na ada.